Siku Mbili Pangani: Pumziko la Mwananchi na Ufukwe wa Umma

Katika ofisi zetu za umma, mtu akiaga siku ya Ijumaa kwamba anakwenda pwani, swali la kwanza analoulizwa ni hili: "Kuna semina?" Akijibu kwamba hakuna semina, ataulizwa kama kuna msiba. Msiba nao ukikosekana, itabaki harusi. Akikana yote matatu, wenzake watamtazama kama mtu anayeficha jambo. Tumejizoeza kuamini kwamba mtu mzima mwenye majukumu hasafiri ila kwa wito: wito wa kazi, wa ukoo au wa dini. Kusafiri ili kukaa chini ya mnazi na kutazama maji yakipwa na kujaa ni jambo tulilowaachia watalii.

Juma lililopita nilikaa siku mbili Pangani, mkoani Tanga, mimi na familia yangu, pasipo semina, msiba wala harusi. Sikusudii kuutangaza mji huo. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nakusudia kutetea hoja mbili zinazoshikana. Ya kwanza ni kwamba pumziko ni haki ya mwananchi, wala si anasa ya mwenye nacho. Ya pili ni kwamba haki hiyo haina maana pasipo mahali pa kuitumia, na katika mwambao wetu mahali hapo panatoka mikononi mwa umma polepole, kiwanja baada ya kiwanja, bila mjadala wowote wa kitaifa.

Nianze na haki yenyewe. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara yake ya 24, linamtambulia kila mtu haki ya kupumzika na kustarehe, kuwekewa kikomo cha saa za kazi na kupata likizo yenye malipo. Nasi tumeitungia haki hiyo sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko yasiyopungua saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mtumishi anayesoma makala hii ajiulize: likizo yake ya mwisho aliitumia kupumzika, au aliitumia kusimamia ujenzi wa nyumba na kufuatilia mashauri ya ukoo kijijini? Mwanafunzi naye ajiulize ni mara ngapi amesifiwa kwa kukesha na ni mara ngapi amesifiwa kwa kulala vizuri. Tunaimba kwamba kazi na dawa, lakini dawa hiyo huwa tunaikumbuka mwili ukishaanguka.

Hata hivyo, sheria hiyo inamlinda mwenye mwajiri. Walio wengi katika nchi hii hawana mwajiri: mkulima, mvuvi, mama lishe, kijana wa bodaboda, fundi wa mtaani. Hao hakuna wa kuwapa siku 28. Pumziko lao ni Jumapili jioni, ni sikukuu ya Idi, ni saa chache zilizoibwa baina ya shughuli na shughuli. Kwao swali la pumziko si swali la likizo bali ni swali la mahali: je, kuna sehemu nzuri ambapo mtu anaweza kwenda na watoto wake, akakaa, akapunga upepo, bila kutozwa kiingilio wala kulazimishwa kununua soda ya bei ya hoteli? Katika miji ya pwani jibu la swali hilo tangu enzi na enzi limekuwa moja tu, nalo ni ufukwe.

Pangani bado ina jibu hilo. Mji umekaa pale mto unapoingia baharini, nyumba za kale zikitazama maji, milango ya nakshi ikiwa imechakaa lakini bado imesimama. Asubuhi tulikunywa kahawa barazani pamoja na wazee ambao hawakutuuliza tumekuja kwa shughuli gani; kwao mgeni kukaa tu si jambo la kutilia shaka. Mchana tulivuka kwa kivuko hadi Bweni, pamoja na baiskeli, magunia ya mkaa na wanafunzi wa shule. Jioni watoto wa mji waliteremka pwani kucheza mpira mchangani maji yakiwa yamekupwa, na watoto wangu wakaingizwa timu moja na nyingine pasipo kuulizwa majina. Usiku tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama mmoja anayepika nje ya nyumba yake. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichohitaji mtu awe tajiri. Vilihitaji tu kwamba njia ya kwenda majini iwe wazi.

Nalisema hili kwa sababu nimeonja kinyume chake. Miaka michache iliyopita, kaskazini ya Dar es Salaam, tulikuwa tukitembea ukingoni mwa maji tulipofika kwenye uzio wa hoteli uliokuwa umeteremshwa hadi mchangani. Mlinzi alitujia kwa adabu. "Kaka, naomba mrudie hapo. Huku ni kwa wageni wa hoteli." Nilipomuuliza kama bahari nayo imekodishwa, alicheka kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mimi nimezaliwa hapo nyuma tu. Siku yangu ya mapumziko hata mimi sipiti hapa." Sikuwa na ugomvi naye. Alikuwa akilinda, kwa mshahara mdogo, mpaka uliomtenga yeye mwenyewe na bahari ya utotoni mwake.

Kutengwa huku si kugeni. Serikali ya kikoloni ilipopanga jiji la Dar es Salaam iligawa makazi kwa rangi, na pwani nzuri ya Oysterbay ikawa ya Wazungu, mbali na vumbi la Kariakoo. Mwafrika aliyefika huko alifika kama mpishi, dobi au yaya. Uhuru uliifuta sheria ya rangi. Lakini ukuta uliojengwa kwa rangi unaweza kujengwa upya kwa fedha, na anayekatazwa kupita akabaki mtu yuleyule.

Wapangani wanaijua historia ya namna hii kuliko wengi wetu. Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao na ukusanyaji wa ushuru wake. Mkataba ulitiwa saini kisiwani. Watu wa mrima waliujua pale mawakala wa kampuni walipoteremka pwani. Hapo Pangani wakala huyo alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, na jina hilo linatosha kueleza tabia yake. Bendera ya kampuni ilipopandishwa kwa mabavu, mji ulisimama, na upinzani ukaenea mwambao mzima chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim. Hemedi bin Abdallah alivitungia vita hivyo utenzi. Abushiri alinyongwa hapohapo Pangani mwezi Desemba 1889.

Miaka minne baadaye likaja jambo la pili, safari hii bila bunduki. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalizuka mashamba makubwa yaliyobadili umiliki wa ardhi ya Tanga nzima, yakaleta manamba kutoka mikoa ya mbali na kuifanya nchi hii kwa wakati fulani kuwa mzalishaji mkubwa wa katani duniani. Siwezi kusema mkonge haukuleta ajira, uliileta. Nasema tu kwamba wenye ardhi hawakuulizwa. Mara mbili katika muda usiozidi miaka mitano, mustakabali wa pwani hii uliamuliwa mahali pengine, na wakazi wake wakapewa taarifa mambo yakiwa yamekwisha.

Sasa linakuja jambo la tatu, nalo ni jema. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani, Makurunge hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256, inajengwa kwa kiwango cha lami, na juu ya Mto Pangani linajengwa daraja la mita 525. Anayejua adha ya kusubiri kivuko akiwa na mgonjwa, au ya kuzunguka Segera ili kufika Dar es Salaam, hawezi kulibeza daraja hilo. Mvuvi atafikisha samaki sokoni kabla barafu haijayeyuka. Mjamzito wa Mwera au Kipumbwi atafika hospitali mapema zaidi. Naliunga mkono daraja hili bila kigugumizi.

Lakini barabara ni kama mto: hubeba mengi kwa wakati mmoja. Lami itakayompeleka mvuvi sokoni ndiyo itakayomleta mnunuzi wa viwanja ufukweni. Kwa kweli ameshaanza kuja. Katika siku zangu mbili nilizungumza na wazee watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na wote watatu walinieleza habari ya mtu kutoka mjini aliyeulizia shamba la minazi linalotazama bahari. Mmoja wao, nilipomwamkia na kumuuliza kama angeuza, alinijibu: "Mwanangu, mimi nina wajukuu wanaosoma. Akija na bei nzuri nitamkatalia kwa lipi?" Swali hilo si la kijinga, wala mzee huyo si msaliti wa urithi wake. Ni mtu mwenye mahitaji halali, anayeachwa peke yake mbele ya soko kubwa kuliko yeye.

Hapa ndipo sheria inapopaswa kusimama upande wake, na upande wetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa hiyo hatuko katika ombwe la sheria. Tatizo letu ni kwamba mita 60 ziliwekwa kwa ajili ya kuhifadhi mazingira, ilhali haki ya mwananchi ya kufika ufukweni ni jambo jingine. Viwanja vikipangwa mfululizo kando ya pwani bila njia baina yake, ufukwe unaweza kubaki wa umma kwenye karatasi na usifikike ila kwa mwenye mashua.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, na ni hoja nzito. Itasemwa kwamba Pangani ni wilaya inayohitaji ajira, kwamba mwekezaji hawezi kujenga hoteli mahali ambapo kila mpita njia atapita mbele ya wageni wake, na kwamba maprofesa wa Dar es Salaam wanaokuja kwa siku mbili wasiwapangie wenyeji namna ya kuuza mali yao. Sehemu ya mwisho naikubali kabisa: uamuzi si wangu. Ndiyo maana nadai wenyeji waamue wao, mapema na kwa pamoja, badala ya kila mmoja kuamua gizani na dalali wake. Ama kuhusu mwekezaji, uzoefu hauthibitishi hofu hiyo. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, iko wazi kwa mkazi na mgeni. Hoteli za Mji Mkongwe hazikufa kwa sababu hiyo, na wauza urojo na mishikaki wanapata riziki kila usiku. Mombasa nako, eneo la Mama Ngina lilikarabatiwa mwaka 2019 likabaki mahali pa watu wa mji kutembea jioni. Mgeni anayetoka mbali huja kuona mahali panapoishi. Ufukwe usio na mvuvi wala watoto wanaocheza mpira anao kwingine, tena karibu na kwao.

Yapo pia mambo ambayo hakuna hati miliki inayoyatawala. Nje ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na miti na kilikuwa mahali muhimu sana pa kasa kutagia mayai. Mimea yake ilikatwa, mmomonyoko ukaendelea, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kutoweka yakijaa. Nahodha aliyetupeleka ni kijana. Hakuwahi kuuona mti wowote pale, ila babake alimsimulia. Mto nao, unaoanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hufika Pangani ukiwa umeshatumiwa na mashamba ya umwagiliaji, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme. Na mto ukipungukiwa nguvu, chumvi ya bahari hupanda juu hadi mashambani. Mji wenyewe umelindwa kwa ukuta dhidi ya mawimbi. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, Pangani imekwisha kuwa hesabu ya fedha za umma. Kujenga hoteli juu ya mikoko na vichuguu vya mchanga ni kuongeza nyufa ambazo kesho atakayeziziba ni mlipa kodi, si mwenye hoteli.

Nipendekeze basi mambo manne, yasiyohitaji sheria mpya wala msaada wa wafadhili.

Kwanza, kabla daraja halijafunguliwa, halmashauri ya wilaya na vijiji vya pwani vikamilishe mipango ya matumizi ya ardhi, na katika mipango hiyo zichorwe njia za umma za kwenda ufukweni kwa umbali unaojulikana, zipewe majina na ziwekewe alama. Njia isiyo kwenye ramani huuzwa.

Pili, madiko ya wavuvi yapimwe na kusajiliwa kuwa maeneo ya umma, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, BMU, vishirikishwe katika kila shauri la kiwanja kinachopakana navyo. Mvuvi akikosa pa kupaki ngarawa, leseni yake ya uvuvi ni karatasi tu.

Tatu, mipaka ya mita 60 iwekewe vigingi vinavyoonekana. Leo mwananchi hawezi kuhoji uzio kwa sababu hajui mita ya sitini iko wapi, na ofisa anayejua yuko mbali.

Nne, mzee mwenye shamba la minazi aelezwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mbele ya mkutano, kwamba kuuza si njia pekee. Anaweza kuingia ubia na kubaki na sehemu yake. Serikali ya kijiji yenye mwanasheria wa wilaya upande wake inaweza kupata masharti ambayo mzee peke yake barazani hatayapata.

Kwa wanafunzi wangu wa sheria, mipango miji na jiografia, hapa kuna tasnifu zinazowasubiri: hakuna anayehitaji kwenda Ulaya kutafuta mada ilhali ramani ya fukwe zetu haijachorwa. Kwa wanaharakati, suala la ufukwe halina mvuto wa maandamano, lakini linahitaji mtu wa kuhudhuria mikutano ya kijiji na kusoma mihtasari. Kwa watumishi wa umma, hasa wa idara za ardhi na mazingira, kalamu inayoidhinisha ramani ya viwanja ina uwezo wa kufanya kazi ambayo Nyundo alihitaji askari kuifanya. Nanyi pia mna haki ya kupumzika, na watoto wenu watahitaji mahali.

Daraja likikamilika, magari yatavuka mto kwa dakika chache. Watakaotangulia kuvuka ni wale ambao wamekwisha kuchagua viwanja vyao. Muda wa kuchora njia za wengine ni sasa, daraja likiwa bado linajengwa.